Zuieni Risasi ya Sola Kabla Haijafika Ziwani

Msivunje betri za sola.

Msimwage maji yake mchangani. Msiyeyushe risasi yake kwenye jiko la nyumbani. Kama yupo anayefanya kazi hiyo mtaani kwenu, iwe Kibirizi, Katonga, Gungu, Ujiji au mwalo wowote kutoka Kagunga hadi Kalya, aache leo. Asisubiri semina.

Hilo ni la leo. La kesho linakuja nyuma yake.

Viwandani kunatoka kizazi kipya cha paneli za sola. Ni nyembamba, ni nyepesi, na bei yake inatarajiwa kushuka sana. Baadhi zimebeba risasi ndani ya kemikali inayoyeyuka kwa maji. Nyingine zinaweza kutengenezwa bila risasi na bila kadmiamu, metali nyingine ya sumu. Zote zinatafuta soko, na soko lake ni watu wasio na umeme wa waya. Watu hao wamejaa mwambao wa Tanganyika.

Ipi ifike kwanza, na kwa masharti gani, ni jambo la kuamua sasa. Tusipoamua sisi, soko litaamua. Na soko la mialoni huamua kwa bei.

Sola yenyewe haina kosa

Asitokee mtu wa kusema tahadhari hii inapigania mafuta ya taa. Karabai ziliwaunguza wavuvi kwa miongo mingi. Vibatari vilijaza vyumba moshi, na mafuta yake yalimla mvuvi faida kabla hajauza hata ndoo moja ya dagaa. Leo vipe vingi, boti za kuvulia dagaa, vinaingia ziwani usiku na taa za LED, kila taa na betri yake, na betri nyingi huchajiwa na jua. Mkoa mzima wa Kigoma uliishi kwa jenereta za dizeli hadi gridi ya taifa ilipoanza kufika mwaka 2022. Vijiji vingi vya mwambao vinavyofikiwa kwa boti tu bado vinategemea paneli juu ya bati.

Paneli nzima juu ya bati haina madhara. Betri iliyofungwa vizuri haina madhara. Asiogope mtu kuwasha taa.

Hatari huanza siku kifaa kinapokufa.

Na vifaa vinakufa. Betri ya sola iliyotumikishwa kupita uwezo wake, kila usiku ikikamuliwa hadi mwisho, haidumu. Ikifa inakuwa skrepa. Ikishakuwa skrepa, ina mnunuzi. Ikishapata mnunuzi, ina safari.

Safari hiyo ndiyo tunayoipigia kelele.

Kazi yenyewe iko hivi

Betri iliyokufa inafika kwa fundi au kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Inapasuliwa juu kwa panga au shoka. Maji ya betri, ambayo ni asidi iliyochanganyika na chembe za risasi, yanamwagwa mchangani au mtaroni. Mabamba yanatolewa kwa mkono. Kati ya bamba na bamba unadondoka unga wa kijivu. Wengine wanaukung'uta, wengine wanaufagia pembeni.

Unga huo ndio hatari kuliko vyote. Ndio pia unaodharauliwa kuliko vyote, kwa sababu haunuki na hauwashi.

Mabamba yanawekwa kwenye sufuria juu ya mkaa. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, kwa hiyo jiko la kawaida linatosha. Taka zinazoelea juu zinachotwa kwa kijiko na kutupwa kando ya jiko. Kinachobaki kinamiminwa kwenye vikalibu vya udongo, na baada ya dakika chache zinatoka chubwi za kuzamishia nyavu na mishipi.

Kisha sufuria inaoshwa.

Baba anarudi nyumbani na nguo za kazi, na unga unarudi naye. Mtoto anamkimbilia. Mtoto analamba vidole. Hatua chache kutoka hapo, dagaa wameanikwa mchangani. Upepo wa mchana hauchagui pa kupeleka vumbi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester walifuatilia betri za sola nchini Malawi, kwa jirani zetu wenye ziwa lao na wavuvi wao. Walikadiria kwamba kuvunja na kuyeyusha betri moja ya kawaida kunaacha kilo 3.5 hadi 4.7 za risasi kwenye mazingira. Kiasi hicho ni zaidi ya mara 100 ya kinachoweza kumuua mtu mzima akikimeza.

Betri moja.

Wapo walioonja

Tusijidanganye kwamba haya ni ya nadharia.

Thiaroye-sur-Mer ni kitongoji cha wavuvi pembeni ya Dakar, Senegal. Watu wake walivunja betri na kuchekecha mchanga kutafuta mabaki ya risasi, kwa sababu bei ilikuwa imepanda. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Wengine walinusurika na ubongo ulioharibika.

Owino Uhuru ni mtaa wa Jomvu, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi ukutani mwa nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani hapo, aligundua kwamba mwanawe aliyekuwa akinyonya ana risasi mwilini. Alipiga kelele, akatishwa, akakamatwa, akaendelea kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa zikafuata. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirudisha fidia hiyo.

Miaka 17 tangu moshi wa kwanza. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipowashwa alikuwa ameshaota ndevu hukumu ya mwisho iliposomwa. Fedha haziondoi risasi kwenye mfupa.

Na risasi hukaa kwenye mfupa. Mwili huipokea kana kwamba ni kalsiamu. Huificha kwenye mifupa na meno kwa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake huiachia, nayo humfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza sehemu kubwa zaidi ya anachomeza kuliko mtu mzima.

Dalili zake ndizo zinazotuponza. Mtoto analalamika tumbo. Hali vizuri. Anasahau alichofundishwa jana. Anakuwa mkali bila sababu. Mzazi anasema ni minyoo. Mwalimu anasema ni mzito wa kuelewa. Jirani anasema ni mambo ya watu. Hakuna anayesema ni betri, na hakuna anayejua bila kupima damu.

Dawa za kuipunguza mwilini zipo. Dawa ya kurudisha akili iliyokwisha kupotea haipo.

"Ziwa ni kubwa, litameza"

Kauli hii husemwa kila mwalo. Ni kauli ya hatari.

Ni kweli ziwa ni kubwa. Kina chake kinafika mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Limebeba karibu asilimia 17 ya maji baridi yote yasiyoganda yaliyo juu ya ardhi ya dunia. Lakini ukubwa si mlango wa kutokea.

Mlango wa Tanganyika ni mmoja, Mto Lukuga, unaotoka Kalemie upande wa Kongo. Maji mengi hayapiti hata hapo. Huondoka kwa mvuke. Maji hupanda angani, metali hubaki. Kinachoingia Tanganyika hukaa Tanganyika kwa karne.

Na risasi haisafiri kwenda kilindini ikatuacha kwa amani. Hushikamana na tope. Hukaa ufukweni, palepale ilipomwagwa. Ufukweni ndipo akina mama wanapochota maji na kufua. Ufukweni ndipo watoto wanapoogelea. Ufukweni, kwenye mawe na mchanga, ndipo wanapoishi na kuzaliana wengi wa samaki wa ziwa hili wasiopatikana kwingine popote duniani, zaidi ya aina 200. Kule chini kabisa hakuna hata oksijeni ya kumwezesha samaki kuishi. Uhai wa ziwa uko juu na pembeni. Sumu yetu nayo inakwenda palepale.

Tena ziwa limekuwa likipanda. Mwaka 2024 maji yaliingia kwenye mitaa ya Bujumbura, na mwambao wa Kigoma nao umeonja. Ua lililokuwa mbali na maji miaka michache iliyopita leo linaweza kulowa. Unga wa kijivu uliofagiliwa pembeni hausubiri mtu aubebe. Ziwa linaufuata.

Kinachokuja

Sasa tuje kwenye paneli mpya.

Nanokristali ni punje za semikondakta zenye upana wa nanomita chache tu. Nywele moja ina upana wa nanomita 80,000 hivi. Punje ikiwa ndogo kiasi hicho, ukubwa wake wenyewe huamua ni rangi zipi za mwanga itakazofyonza. Ugunduzi huo ndio uliowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023. Punje hizo huchanganywa kwenye kimiminika, zikapakwa kama wino juu ya kioo au plastiki. Haihitajiki tanuri kubwa ya kuyeyushia silikoni. Ndiyo sababu wahandisi wanaona sola ya bei ya chini, inayokunjika, inayobebeka kwenye boti.

Tatizo ni malighafi.

Nanokristali zilizofanya vizuri mapema zilitengenezwa kwa risasi na salfa, au kwa kadmiamu. Ndugu zao wa karibu, perovskaiti, zinazopakwa kwa njia hiyohiyo ya wino, zimefika juu zaidi. Maabara zimepata zaidi ya asilimia 26 ya nishati ya jua. Zilizo bora karibu zote zina risasi. Na zimeshatoka maabara. Septemba 2024 kampuni ya Oxford PV ilipeleka Marekani shehena yake ya kwanza ya kibiashara ya paneli zinazochanganya perovskaiti na silikoni. China imejenga viwanda vikubwa vya perovskaiti.

Tuseme ukweli wote. Risasi iliyomo kwenye mita moja ya mraba ya perovskaiti haifiki gramu moja. Betri moja kubwa ya sola ina zaidi ya kilo kumi. Paneli za silikoni tulizonazo nazo zina risasi kidogo kwenye lehemu. Kwa hesabu ya leo, betri ndiyo mkosaji mkubwa, na betri ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Kwa nini basi tuhangaike na gramu?

Kwa sababu si gramu ya aina moja. Risasi ya lehemu imetulia kwenye metali. Risasi ya perovskaiti imo kwenye chumvi. Kioo kikipasuka na mvua ikaingia, chumvi inayeyuka na maji yanaondoka nayo. Mwaka 2020 watafiti walipanda mnanaa kwenye udongo uliochanganywa na risasi ya perovskaiti. Waligundua kwamba risasi hiyo iliingia kwenye mmea kwa urahisi mara kumi kuliko risasi ya uchafuzi mwingine iliyokuwa tayari udongoni. Mnanaa huliwa. Mchicha huliwa. Mpunga wa bonde la Luiche, nyuma ya Ujiji, huliwa.

Kwa sababu pia kitu chepesi na cha bei ndogo huuzwa kwa wengi, huharibika mapema, na hakuna anayejisumbua kukirudisha. Betri ina mnunuzi wa skrepa. Paneli nyembamba iliyokufa haina mnunuzi. Itatupwa, au itachomwa pamoja na takataka za jioni.

Na kadmiamu? Waulizeni Wajapani wa Toyama. Mgodi wa Kamioka ulimwaga kadmiamu kwenye Mto Jinzu. Mto ukanywesha mashamba ya mpunga. Watu walikula wali wao wenyewe kwa miaka, hadi mifupa ikawa inavunjika kwa kukohoa tu. Serikali ya Japani iliutambua rasmi ugonjwa huo na chanzo chake mwaka 1968. Kadmiamu ikiingia kwenye figo hukaa humo miongo.

Mto, mpunga, samaki, maji ya kunywa. Kigoma ina vyote hivyo.

Isiyo na risasi ipo

Hatulazimiki kuchagua kati ya giza na sumu.

Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya ICFO, Barcelona, chini ya Gerasimos Konstantatos, walichapisha matokeo ya seli ya sola iliyotengenezwa kwa nanokristali za fedha, bismuti na salfa. Hakuna risasi. Hakuna kadmiamu. Tabaka linalofyonza mwanga lilikuwa na unene wa nanomita 30 hivi tu, nalo lilitoa zaidi ya asilimia 9. Kundi hilo lilikuwa limeshaonyesha mwaka 2020 kwamba nanokristali hizo zinaweza kutengenezwa kwenye joto la kawaida la chumba. Wengine wanajaribu shaba na indiamu. Wengine wanajaribu shaba, zinki, bati na salfa, vitu vinavyopatikana kwa wingi.

Tusizipambe. Asilimia 9 ni chini ya nusu ya paneli nzuri ya silikoni ya dukani. Hazijathibitishwa kudumu miaka juu ya bati la Kigoma, kwenye jua kali na unyevu wa ziwa. Fedha ikiyeyuka majini nayo hudhuru viumbe wadogo. Na nanokristali yenyewe inaweza kuwa safi huku viyeyusho vilivyoitengeneza vikiwa sumu kwa mfanyakazi wa kiwandani.

Kwa hiyo maneno "rafiki wa mazingira" kwenye boksi hayatoshi. Yanahitaji kupimwa: kioo kivunjwe, paneli ilowekwe, maji yapimwe. Lakini mlango uko wazi. Anayetuambia kwamba lazima risasi iwemo ili taa iwake anatudanganya, au hajafuatilia.

Umoja wa Ulaya unaweka kikomo cha risasi na kadmiamu kwenye vifaa vya umeme: asilimia 0.1 kwa risasi, asilimia 0.01 kwa kadmiamu. Paneli zinazofungwa na mafundi mahali pa kudumu zilisamehewa kikomo hicho. Lakini tangu sheria ya mwaka 2012, anayeziuza Ulaya anawajibika pia kuzirudisha zikifa. Na vipaneli vya kubeba mkononi, vya taa na vya kuchajia simu, havikusamehewa.

Vipaneli hivyo ndivyo vinavyojaa kwenye masoko yetu.

Msamaha bila urejeshaji ni kumtupia mwenzako taka. Tusiuchukue nusu.

Tukinyamaza

Tukinyamaza, haya ndiyo yatakayokuja. Hayahitaji utabiri, kwa kuwa njia yake ipo na betri zinaipita sasa hivi.

Betri zitaendelea kuvunjwa uani. Kila moja itaacha kilo zake mchangani. Hakutakuwa na mlipuko wala msiba wa siku moja wa kuwaleta waandishi wa habari. Kutakuwa na darasa zima ambalo watoto wake wanaelewa polepole kidogo kuliko walivyopaswa. Hakuna atakayeuliza kwa nini.

Paneli mpya zitaingia kwa njia za panya na za halali. Boti zinatoka Kalemie, Uvira, Bujumbura na Mpulungu. Bidhaa iliyokataliwa bandari moja itashuka nyingine. Zitauzwa bila maelezo, zitakufa bila mwenyewe, zitatupwa bila shimo.

Siku moja mnunuzi wa nje atapima dagaa. Akikuta metali kwenye shehena moja, hataulizia ni mwalo gani ulioianikia vibaya. Atafunga mlango kwa dagaa wa Tanganyika wote. Tumeshaona mwaka 2024 maisha yanavyobana ziwa likifungwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ule ulikuwa ufungaji wenye tarehe ya kufunguliwa. Sumu haina tarehe.

La kufanya sasa

Hatua ni chache. Hakuna inayohitaji kusubiri mradi wa wafadhili.

Kwanza, betri isivunjwe. Halmashauri za Kigoma Ujiji, Kigoma na Uvinza zitangaze mialoni na misikitini, makanisani na kwenye redio za hapa: kuvunja betri na kuyeyusha risasi kwenye makazi ni marufuku. Maafisa afya wa kata wafuatilie. Lakini fundi asifukuzwe tu, maana atahamia ua la jirani. Apewe kazi ya kupokea na kutunza betri nzima, alipwe kwa kila moja. Betri nzima iliyopangwa wima kwenye trei ya plastiki, chini ya paa, haimdhuru mtu.

Pili, mpya kwa kuukuu. Asiuziwe mtu betri mpya ya sola kabla hajarudisha ya zamani au hajalipa dhamana. Muuzaji wa Kigoma amkabidhi msambazaji wake, msambazaji apeleke kwenye kiwanda chenye kibali cha mamlaka ya mazingira. Malori na mabehewa yanayoleta bidhaa Kigoma yana nafasi ya kurudi na mzigo. Reli ilifika Kigoma tangu mwaka 1914. Usafiri si kisingizio.

Tatu, chubwi zitoke kwenye kitu kingine. Jiwe lililotobolewa, saruji, chuma chakavu. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi viliweke hili kwenye sheria zao ndogo. Asiyejua kinachoyeyushwa asinunue chubwi.

Nne, maswali matatu kabla ya kulipa. Paneli hii ina risasi? Ina kadmiamu? Ikifa, nani anaichukua? Aulize mnunuzi wa kipaneli kimoja sokoni. Aulize mwenye kipe anayenunua kumi. Zaidi ya wote aulize mnunuzi mkubwa: halmashauri, Wakala wa Nishati Vijijini, shule, zahanati, mashirika yanayohudumia wakimbizi. Mnunuzi mkubwa akiyaandika maswali hayo kwenye zabuni yake, wauzaji watakuja na majibu. Muuzaji asiyejua jibu arudi alikotoka akaulize.

Tano, kanuni itangulie meli. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021. Sheria haikosekani. Kinachokosekana ni kipengele kinachotaja paneli hizi mpya kwa jina. Shirika la viwango (TBS) na mamlaka ya mazingira vikiandike: paneli yoyote yenye risasi au kadmiamu inayoyeyuka isiingie bila jina la mwagizaji, kipimo cha paneli iliyovunjwa na kulowekwa, na mkataba wa kuirudisha. Vipaneli vidogo vya mkononi visivuke kikomo kilekile ambacho Ulaya imejiwekea. Na kwa kuwa ziwa lina nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, kanuni hiyo ipelekwe kwenye Mamlaka ya Ziwa Tanganyika kule Bujumbura. Mkataba wa ziwa uliotiwa saini Dar es Salaam mwezi Juni 2003 unazitaka nchi hizo zizuie uchafuzi. Utumike.

Sita, damu ipimwe. Watoto wanaoishi jirani na mafundi betri wapimwe risasi, na hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, iwezeshwe kuchukua sampuli na kupokea majibu. Udongo wa ua la fundi upimwe. Tusipopima tutaendelea kubishana huku mtoto anaharibika.

Saba, watafiti wetu wapewe kazi hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa malighafi za sola kwa miaka mingi. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ipo. Wapewe paneli zinazouzwa Mwanga na Ujiji, wazivunje, waziloweke kwenye maji ya ziwa hili, watuambie kinachotoka. Wapewe pia nafasi ya kujaribu nanokristali za bismuti na za shaba hapahapa, kwenye jua letu na unyevu wetu. Wasibaki kusoma matokeo ya Barcelona.

Hayo ndiyo.

Wenye mamlaka watasema wanasubiri ushahidi kwamba ziwa limeshachafuka. Wakiupata, watakuwa wamechelewa. Ziwa ambalo maji yake hayatoki halina njia ya kuomba radhi baadaye. Ushahidi unaotosha upo: tunajua risasi inafanya nini kwa mtoto, tunajua betri zinaishia wapi, na tunajua paneli gani zinakuja.

Hatua ya kwanza haimsubiri waziri. Muuza betri wa Kigoma atenge kona moja ya duka, aweke trei, abandike tangazo kwamba anapokea betri zilizokufa na anapunguza bei kwa anayezileta. Afanye hivyo wiki hii. Mwenye kipe ambaye ana betri iliyokufa chini ya kitanda aipeleke nzima, ikiwa na maji yake ndani, bila kuifungua.